Uzi: Mafuta kwenye ini na sahani ya Kigoma, nilichokula kwa miezi 10 na kilichobadilika

Mwalimu wa Ujiji (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, lakini hivi karibuni niliona maswali matatu kuhusu mafuta kwenye ini yakijibiwa kwa limau, tangawizi na unga wa majani ambao hata jina haukutajwa, nikaona si haki kuendelea kunyamaza ilhali jambo lenyewe nimelipitia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 47, na ninaishi Ujiji. Nitakayoyaandika ni ya aina mbili: niliyopimwa na kuyafanya mwenyewe, na niliyoyasoma au kuelezwa na wataalamu baadaye. Nitajitahidi msomaji asichanganye aina moja na nyingine.

Nilikwenda hospitali kwa sababu ya mgongo. Katika kupimwa picha ya tumbo kwa ultrasaundi nikaambiwa kwamba ini langu linang'aa kuliko figo, na kwamba huo ndio mwonekano wa ini lililojaa mafuta. Uzito wangu siku hiyo ulikuwa kilo 112 na urefu mita 1.70; ukigawanya uzito kwa mraba wa urefu unapata 38.8, na kuanzia 30 kwenda juu mtu anahesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, ambacho hupanda kwenye damu ini likiumia, kilikuwa 81 na kile cha AST kilikuwa 52. Nilipimwa pia virusi vya homa ya ini B na C, na sikukutwa navyo.

Hapo pana la kusema kabla sijaendelea. Nilipofika nyumbani na kueleza kwamba ini langu lina tatizo, mama watoto alitenga kikombe na kijiko changu jioni ile ile. Sikumlaumu, kwa sababu huku kwetu neno "ini" likitajwa hospitalini watu husikia homa ya ini ya kuambukiza. Haya ni magonjwa mawili tofauti. Mafuta kwenye ini hayaambukizi, na wala si lazima mtu awe mnywaji ili ayapate. Mimi pombe sijawahi kuionja. Zamani ugonjwa huu uliitwa kwa jina lenye kukanusha, yaani "usiotokana na pombe", lakini mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini viliubadilishia jina, na sasa hutajwa kwa kuhusishwa na kasoro za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula: kitambi, sukari ya damu kupanda, shinikizo la damu, na mafuta ya damu yaliyovurugika.

Daktari alinifundisha hesabu moja ambayo, kwa mwalimu, ilikuwa kama zawadi. Unachukua umri, unazidisha kwa AST, kisha unagawanya kwa idadi ya chembe sahani za damu iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Kwangu ilikuwa 47 mara 52, gawanya kwa 240 (chembe sahani zangu, kwa maelfu) mara 9 (kipeuo cha pili cha 81), jibu 1.13. Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa ini kuwa na makovu makubwa ni mdogo, likizidi 2.67, mgonjwa anapaswa kufikishwa kwa bingwa bila kuchelewa. Na kwa waliovuka miaka 65 kiwango cha chini huwekwa 2.0 badala ya 1.3. Hesabu hii haitoi hukumu ya mwisho, lakini inatumia vipimo vya damu vya kawaida, na kwa mtu aliye mbali na mashine za kupima ugumu wa ini ina thamani kubwa.

Sasa nije kwenye chakula, maana ndicho kilichonileta hapa. Swali langu la kwanza lilikuwa la kitoto: mafuta haya yaliingia ini kwa njia gani, wakati sikuwa mlaji mkubwa wa nyama ya mafuta? Nilikuja kusoma kwamba mwaka 2005 watafiti nchini Marekani waliyafuatilia mafuta ya ini kwa wagonjwa wanene, wakakuta kwamba takriban asilimia 59 yalitoka katika akiba ya mafuta ya mwili wenyewe, asilimia 26 yalitengenezwa na ini kutokana na wanga na sukari, na asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja katika mafuta yaliyoliwa. Namba hizo tatu zilinibadilisha fikra kuliko nasaha zote nilizopewa. Fungu kubwa linasema punguza mwili. Fungu la pili linasema tazama sukari na rundo la ugali. Mafuta ya sufuriani yanakuja ya tatu, ingawa yana mlango mwingine wa nyuma ambao nitaueleza.

Nikaanza na sukari kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuhesabu. Nilikuwa nakunywa vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo chai peke yake ilikuwa gramu 48. Soda moja ya kola ya mililita 350 mchana pale karibu na shule ina takriban gramu 37. Jumla gramu 85, kabla sijagusa uji wa asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu 25. Nilikuwa nimezidisha zaidi ya mara tatu, na bado nilikuwa najiona mtu ninayekula kwa kiasi.

Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini fruktosi sehemu yake kubwa huangukia ini, na ikizidi ini huigeuza kuwa mafuta. Yuko mtu atakayesema kwamba hii ni nadharia, hivyo nimwambie kuhusu jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2019: wavulana 40 wenye ugonjwa huu, wa miaka 11 hadi 16, waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapikiwa kwa wiki 8 chakula chenye sukari ya kuongezwa chini ya asilimia 3 ya nishati. Mafuta ya ini katika kundi hilo yalishuka kutoka wastani wa asilimia 25 hadi 17, wakati kundi lililoendelea na mlo wake wa kawaida lilitoka 21 hadi 20 tu.

Baada ya sukari nikageukia ugali. Huku kwetu ugali ni wa muhogo, na mwenye kuujua atakubaliana nami kwamba hauliwi kidogo. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Protini yake haifiki gramu 3 katika gramu 100, ndiyo maana mtu hula mlima na baada ya saa chache anatafuta kingine. Sikuuacha. Nilipunguza donge langu likawa la ukubwa wa ngumi zangu mbili, kisha ngumi moja na nusu, na nafasi iliyobaki sahanini nikaijaza mchicha, matembele au mnafu, pamoja na dagaa au maharage. Dagaa wetu waliokaushwa vizuri zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na protini ndiyo inayomfanya mtu ainuke mkekani akiwa ameshiba kweli. Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei 2024 nilikuwa bado sijapimwa, lakini tulijifunza wakati ule kupika maharage ya Kasulu karibu kila siku, na mazoea hayo yalinifaa baadaye siku ambazo bei ya dagaa ilipanda.

Matokeo ni haya. Baada ya miezi 10 nina kilo 100, yaani nimepunguza kilo 12, ambazo ni asilimia 10.7 ya uzito niliokuwa nao. ALT imeshuka kutoka 81 hadi 34. Ultrasaundi ya pili imeandikwa "mafuta kidogo", ingawa nimeelezwa kwamba kipimo hicho huanza kuyaona vizuri mafuta yakishafika karibu robo ya ini, kwa hiyo sijidanganyi kwamba yameisha. Uwiano wangu wa uzito na urefu bado ni 34.6. Kwa kipimo hicho mimi bado ni mnene, na wanaonikuta barabarani bado wananiita bonge, lakini ini limepata nafuu kabla kiuno hakijapata. Nawasilisha, na ninakaribisha masahihisho.

Kijana wa Mwandiga

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma yote na nimefurahi, ila miezi 10 ni mingi. Mimi nina kilo 118 na nimepewa majibu kama yako. Kuna mtu ananiambia nikinywa juisi ya matunda peke yake kwa siku 21 ini linasafishika lote. Je, kuna ubaya gani mtu akianza kwa kasi ili apate moyo wa kuendelea?

Afisa Lishe Kasulu

Ndugu yangu wa Mwandiga, nikujibu kabla Mwalimu hajarudi, kwa sababu jambo hili nakutana nalo kila juma.

Ini halina uchafu unaokwanguliwa kwa juisi. Ini lenyewe ndilo linalosafisha damu, na kilichojaa ndani yake ni matone ya mafuta yaliyomo katika chembe zake, ambayo huondoka kwa njia moja tu, yaani kuchomwa au kusafirishwa kwenda kuchomwa mahali pengine. Ukikamua machungwa manane au maembe matano ukayanywa asubuhi, umeondoa nyuzinyuzi zilizokuwa zinachelewesha sukari, ukaacha fruktosi ifike ini kwa mkupuo. Ni dawa inayoleta ugonjwa ule ule uliokuja kuutibu. Tunda zima ni jambo jingine. Chungwa moja au kipande cha papai baada ya chakula sijawahi kumkataza mtu.

Kuhusu kasi, ni kweli kwamba ini hujibu mapema. Katika jaribio moja dogo la mwaka 2011, watu 18 wenye ugonjwa huu walipunguziwa chakula kwa wiki 2 tu. Waliopunguziwa wanga zaidi walipoteza takriban asilimia 55 ya mafuta ya ini, na waliopunguziwa nishati kwa ujumla walipoteza karibu asilimia 28, ingawa uzito uliopungua kwa makundi yote mawili ulikaribiana. Kwa hiyo moyo wa kuendelea unao tangu mwezi wa kwanza, hata kama mizani inakuonyesha kilo 3 tu. Lakini mtu anayepoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, anajiweka katika hatari ya kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kujinyima kupita kiasi kunaweza hata kulidhuru ini. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo mwendo ninaoupendekeza.

Na lengo lenyewe lina ngazi zinazojulikana. Kupunguza asilimia 3 hadi 5 ya uzito huanza kuyatoa mafuta. Ukifika asilimia 7 hadi 10, uvimbe unaoletwa na mafuta hayo ndani ya ini nao huanza kutulia. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Cuba uliowafuata wagonjwa 293 kwa wiki 52, wakila kwa kipimo na kutembea. Miongoni mwa waliopunguza asilimia 10 au zaidi, uvimbe uliisha kwa asilimia 90 ya watu, na makovu yalirudi nyuma kwa asilimia 45 yao. Ila utafiti huo huo ulionyesha kwamba waliofanikiwa kupunguza hata asilimia 5 hawakuzidi theluthi moja ya washiriki. Naitaja namba hiyo kwa makusudi, ili mtu akiteleza asidhani kwamba yeye peke yake ndiye dhaifu. Kwako wewe wa kilo 118, asilimia 7 ni kilo 8 na kidogo. Anza na hizo.

Mamantilie Mwanga

Mwalimu, pole na hongera. Mimi napika chakula hapa Mwanga mwaka wa 16 sasa, na nina jambo la kukupinga. Umesema mafuta yana "mlango wa nyuma" halafu hukuueleza, na mimi najua unakokwenda: unataka kusema mawese. Babu zetu walikula mawese tangu michikichi ilipoota katika ardhi hii, sombe (kisamvu) bila mawese si sombe, na sikuwahi kumwona bibi yangu akiwa na kitambi. Leo kila anayetoka hospitali ananiambia, "Mama, nipikie bila mawese, nitilie mafuta ya alizeti," kisha anaagiza soda mbili. Tuache kuyaonea mafuta yetu.

Mwalimu wa Ujiji

Mama, umenishika pabaya, kwa sababu niliahidi na sikutimiza. Nakubaliana nawe katika mengi, na hiyo soda mbili nimecheka kwa sababu nilikuwa mimi.

Mlango wa nyuma ni huu. Mafuta yoyote, ya mawese au ya alizeti, yana karibu kilokalori 120 kwa kijiko kikubwa kimoja. Hayaendi yote kwenye ini siku hiyo, bali hujaza akiba ya mwili, na akiba ikizidi ndiyo inayomwaga lile fungu la asilimia 59. Nyumbani kwangu tuko watu 6 na tulikuwa tunamaliza lita 3 za mawese kwa wiki. Lita moja ina takriban kilokalori 8,000. Zidisha kwa 3, gawanya kwa watu 6 na siku 7, utapata kilokalori 571 kwa kila mtu kwa siku kutokana na mafuta peke yake. Tulipoteremka hadi lita moja, hesabu ikawa 190. Tofauti hiyo ya 381 kwa siku, nikiiweka pamoja na sukari niliyoacha, inaeleza sehemu kubwa ya kilo zangu 12 bila haja ya muujiza wowote.

Kuhusu mawese yenyewe, karibu nusu yake ni mafuta mazito ya aina ile inayoganda, na hapo kuna ushahidi ambao siwezi kuuficha. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, waliwapa vijana 39 wembamba keki ndogo za ziada kwa wiki 7, kundi moja keki za mawese na kundi jingine keki za alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito kwa kiasi kinacholingana, lakini waliokula za mawese waliongeza mafuta ya ini zaidi. Ila tazama vizuri walichofanyiwa: walilishwa kupita kiasi kwa makusudi. Bibi yako hakula keki juu ya mlo kamili. Alipanda na kushuka vilima na jembe begani, na mawese yake yalikuwa kipimo cha kibuyu kwa chungu cha ukoo mzima. Kwa hiyo sijayafukuza. Nimeyatoa kwenye karai la kukaangia nikayarudisha kwenye kijiko.

Mamantilie Mwanga

Hapo nimekuelewa. Lakini watoto wako nao umewapunguzia? Maana mawese ndiyo yanayowapa watoto macho.

Mwalimu wa Ujiji

Niliwapunguzia, Mama, na lilikuwa kosa langu. Wiki tatu baadaye yule mdogo wa miaka minne alianza kulala njaa na kuamka usiku akiomba uji. Mtaalamu wa lishe aliponisikia alinikemea kwa upole kwamba mtoto mwembamba anayekua si mgonjwa wa ini, na kwamba rangi ile nyekundu ya mawese yasiyosafishwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tangu hapo mboga inapikwa kwa mafuta machache, mimi nachotewa kwanza, kisha mama watoto anaongeza kijiko cha mawese katika sahani za watoto. Mafuta ya watoto yana chupa yake, na lita moja niliyoitaja ni ya sufuria ya wote.

Mzee wa Bangwe

Wanangu, nawasalimu. Mimi nina kisukari mwaka wa tisa, natumia vidonge, na nimeambiwa ini nalo lina mafuta. Tena mimi ni mtu wa baraza. Kahawa chungu asubuhi na jioni siikosi. Je, niiache? Na mwezi wa Ramadhani unaokuja, funga yenyewe si itanitosha kuwa tiba?

Tabibu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu wewe ndiye uliye katika hali inayohitaji uangalifu kuliko wote waliotangulia.

Kahawa usiiache. Tafiti nyingi za kuwafuatilia watu zimeonyesha kwamba wanaokunywa vikombe viwili au vitatu kwa siku huwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Si uthibitisho kwamba kahawa ni dawa, lakini hakuna sababu ya kukunyang'anya, hasa ikiwa ni ya Kalinzi iliyopikwa vizuri na haina sukari. Tatizo la baraza ni kile kinachofuatana na kahawa. Kashata mbili na tende nne kila jioni ni sukari ile ile aliyoihesabu Mwalimu, ila imevaa kanzu.

Kuhusu vidonge, naomba unielewe vizuri. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi, na pia sindano za insulini, hushusha sukari hata kama mtu hajala. Mgonjwa anayepunguza chakula au kufunga bila dozi yake kurekebishwa anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Nenda ukamwone daktari wako wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, mpangilie upya dozi na saa za kumeza, na umuulize kama kufunga kunakufaa. Onyo hilo linamhusu pia mtu ambaye ini lake limeshafika hatua ya kusinyaa, mwenye maji tumboni au macho ya njano: huyo hapaswi kujipunguzia chakula kwa kusoma uzi, kwa sababu anahitaji protini ya kutosha na uangalizi wa karibu.

Na kama funga ni tiba, jibu lipo katika futari. Yapo majaribio ya kubana saa za kula. Moja la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2023, liliwafuata watu 88 wanene wenye mafuta kwenye ini kwa miezi 12; nusu walikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu, na nusu walikula saa zozote, lakini makundi yote mawili yalipewa kiasi kile kile cha nishati. Mafuta ya ini yalipungua kwa wote, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Saa za kula zinaweza kumsaidia mtu kujizuia, lakini kinachopunguza mafuta ya ini ni jumla ya kile anachokula. Nimewahi kuona watu wakimaliza mwezi wa Ramadhani wakiwa wameongezeka kilo 3, na ukiwauliza futari ilikuwa nini wanakutajia uji wa sukari, kalimati, tambi, viazi vitamu, magimbi na mihogo ya nazi, vyote katika sinia moja, kisha daku juu yake.

Niongeze jambo moja kwa wanaouliza dawa. Mwezi Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahsusi kwa ugonjwa huu, resmetiromu, na Agosti 2025 ikaidhinisha semaglutaidi kwa matumizi hayo pia. Zote mbili ziliidhinishwa kwa watu wenye makovu ya wastani hadi makubwa ambao ini lao bado halijasinyaa, na zote ziliandikwa kwamba ziende pamoja na mlo na mazoezi. Kwa hiyo hata mwenye uwezo wa kuzinunua bado anarudi kwenye sahani.

Mnyamwezi wa Tabora

Samahani kwa kuingilia uzi wa watani, lakini sisi huku tuna asali, na kila mgonjwa anaambiwa aache sukari atumie asali kwa kuwa ni ya asili. Mimi mwenyewe natumia vijiko 5 kwa siku. Afisa Lishe unasemaje?

Afisa Lishe Kasulu

Karibu sana, mtani. Asali ya misitu yenu ya miombo ni nzuri na ina heshima yake, lakini karibu asilimia 40 yake ni fruktosi na sehemu kubwa ya kilichobaki ni glukosi na maji. Ini halitofautishi fruktosi iliyotoka kwa nyuki na iliyotoka kiwandani. Ukipenda ladha, kijiko kimoja cha chai kwa siku kinatosha. Vijiko 5 vikiwa vile vikubwa ni kama kunywa soda mbili. Karanga zenu, hizo nakuruhusu, kiasi cha kiganja kimoja bila sukari wala mafuta ya kukaangia.

Kijana wa Mwandiga

Asanteni nyote. Juisi nimeiacha. Swali langu la mwisho ni la mazoezi: Mwalimu hukutaja kabisa.

Mwalimu wa Ujiji

Sikutaja kwa sababu sikufanya mengi, na sikutaka kujipamba. Miezi mitatu ya kwanza magoti hayakuniruhusu. Baadaye nilianza kushuka kwenye daladala stesheni na kupanda kwa miguu hadi Mwanga, siku tano kwa wiki, karibu nusu saa kwa mwendo wangu, ambazo ni dakika 150 zinazoshauriwa kwa wiki. Nimesoma kwamba mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani isiposogea, kwa hiyo usiyaache kwa kuwa hayakupunguzii kilo.

Mamantilie Mwanga

Narudi na taarifa, maana mmenitia majaribuni. Juzi nimeanza kuuza sahani ya pili, ugali nusu, mboga za majani upawa mmoja na nusu, maharage, na kipande cha mgebuka wa kuchemsha badala ya wa kukaanga, kwa bei ile ile. Siku ya kwanza wateja wawili walinung'unika kwamba nimewapunja ugali. Jana niliuza sahani 9, na wawili kati yao walikuwa wale wale wanung'unikaji. Naomba Afisa Lishe aniambie kama mchuzi wa mgebuka naweza kutia nazi.

Afisa Lishe Kasulu

Mama, tui jepesi kikombe kimoja kwa sufuria ya watu 10, si zaidi, na chumvi ipungue ikiwa samaki ametoka kwenye chumvi. Ukiona mchuzi umekuwa mwepesi, saga nyanya na vitunguu zaidi na uuache utokote bila kifuniko.

Mwalimu wa Ujiji

Kesho nikitoka shule napitia hapo Mwanga, Mama. Uniwekee sahani moja, na soda usinionyeshe.